Kliniki ya Wajawazito na Uzito wa Mtoto: Mwongozo Kamili, Kuanzia Hedhi Iliyokosekana hadi Mizani ya Chumba cha Kuzalia

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: mama amehudhuria kliniki mara nne, kadi yake imejaa mihuri, halafu mtoto anazaliwa na gramu 2,200. Amekosea wapi? Ukiichukua ile kadi na kuisoma mstari kwa mstari, jibu huanza kujitokeza. Alianza kliniki mimba ikiwa na miezi sita, SP, ile dawa ya kukinga malaria, alimeza mara moja tu, vidonge vya kuongeza damu aliviacha kwa sababu vilimletea kichefuchefu, na safu ya kimo cha mimba, yaani urefu wa tumbo kwa sentimita, haikujazwa. Mahudhurio yalikuwapo, lakini kazi yenyewe ya kliniki haikufanyika.

Mwongozo huu unahusu kazi hiyo: ni kipi kifanyike, katika wiki ipi, kwa sababu gani, na utajuaje kuwa kimefanyika. Umeandikwa kwa kufuata utaratibu wa Tanzania Bara, ingawa sehemu kubwa inafaa pia Kenya na nchi jirani zenye malaria. Hauchukui nafasi ya mhudumu wa afya. Unakusaidia kujua la kumuuliza.

## Mtoto hupungua uzito kwa njia mbili

Mtoto huhesabiwa kuwa na uzito pungufu akizaliwa chini ya gramu 2,500. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mwaka 2020 walizaliwa hivyo watoto wapatao milioni 19.8 duniani, takriban mmoja kati ya kila saba.

Njia ya kwanza ni kuzaliwa kabla ya kutimiza wiki 37. Huyu ndiye tunayemwita njiti. Njia ya pili ni kukaa tumboni muda wote unaotakiwa lakini akakua polepole kuliko inavyostahili, kwa kuwa kondo la nyuma halimfikishii chakula na hewa ya kutosha, au kwa kuwa mama mwenyewe ana upungufu wa damu na lishe. Baadhi ya watoto hupita njia zote mbili kwa pamoja.

Ieleweke pia kwamba wapo watoto wanaozaliwa wadogo hata mama alipotimiza kila kitu. Mapacha ni mfano ulio wazi. Kliniki hupunguza hatari, lakini haimpi mtu hakikisho, na mama aliyejifungua mtoto mdogo hastahili kusutwa na mtu yeyote.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kalenda au daftari la kuandikia tarehe.
- Kadi ya kliniki ya mjamzito (Tanzania ni RCH 4, Kenya ni kijitabu cha mama na mtoto). Itunze kwenye mfuko wa nailoni isilowe, na uwe nayo kila unaposafiri.
- Chandarua chenye dawa. Kwa kawaida hutolewa bure katika hudhurio la kwanza, kwa hiyo usipopewa, kiulizie.
- Vidonge vyenye madini chuma na asidi ya foliki kwa pamoja, vinavyojulikana kliniki kwa jina la FEFO.
- Chupa ya maji safi ya kunywa siku ya kliniki.
- Nauli ya dharura iliyotengwa, na namba ya simu ya mwenye bodaboda au gari anayekubali kuamshwa usiku.
- Mtu mmoja wa nyumbani, awe mume, mama mkwe au wifi, anayejua tarehe zako na dalili za hatari.

## Hatua ya 1: Hesabu wiki za mimba, usihesabu miezi

Kila kitu kinachofuata kinategemea hesabu hii. Mhudumu asipojua umri wa mimba hawezi kusema kama tumbo ni dogo, wala hawezi kutofautisha njiti na mtoto aliyedumaa tumboni.

Chukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, yaani siku damu ilipoanza kutoka wala si siku ilipokoma. Ongeza siku 7, kisha songa mbele miezi 9. Aliyeanza hedhi yake ya mwisho tarehe 10 Machi 2025 anatarajiwa kujifungua takriban tarehe 17 Desemba 2025. Wiki 12 zake zinatimia tarehe 2 Juni, na wiki 37 zinatimia tarehe 24 Novemba. Andika tarehe zako hizo tatu kwenye kalenda.

Kama hukumbuki tarehe, kama ulipata mimba ukiwa unanyonyesha, au kama hedhi yako hubadilika-badilika, mwombe mhudumu akuelekeze ukapige ultrasaundi kabla ya wiki ya 24. Kipimo hicho hukadiria umri kwa usahihi zaidi kikifanyika mapema. Kikifanyika mwezi wa nane, hukadiria umri kwa kutumia ukubwa wa mtoto, na mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana kuwa ni mzima mwenye umri mdogo. Ndiyo maana picha ya kwanza ikipigwa mwishoni haiwezi kuziba pengo la tarehe iliyopotea mwanzoni.

## Hatua ya 2: Fika kliniki kabla ya wiki 12

Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015–16, karibu wanawake wote wajawazito walikuwa wamefika kliniki angalau mara moja, lakini takriban robo tu ndio waliofika ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Wengine walisubiri tumbo lionekane. Wapo wanaoficha mimba changa kwa kuogopa husda, na wapo wanaosubiri mume arudi safarini kwa sababu wameambiwa kituo hakipokei mama aliyekuja peke yake.

Kuja na mwenza kunahimizwa ili nanyi nyote mpimwe, lakini si sababu ya kuchelewa. Kama mwenza hayupo, nenda peke yako. Ukirudishwa, omba kwa heshima kuonana na mganga mfawidhi wa kituo. Baadhi ya vituo huomba barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Kama unajua kituo chako kina utaratibu huo, ichukue mapema badala ya kubishana dirishani.

Hudhurio la kwanza ndilo lenye mambo mengi zaidi. Hakikisha yafuatayo yamefanyika na kuandikwa:

- Uzito na urefu wako, kwa sababu uzito wa mwanzo ndio utakaolinganishwa na wa baadaye.
- Shinikizo la damu.
- Wingi wa damu, kundi la damu, malaria, VVU na kaswende.
- Mkojo.
- Historia ya uzazi uliopita. Taja kila mtoto aliyezaliwa mdogo, aliyezaliwa kabla ya siku zake au aliyefia tumboni, hata kama hukuulizwa.

Kaswende inastahili neno la ziada. Mama anaweza kuwa nayo bila kidonda wala maumivu, ikamfikia mtoto na kusababisha azaliwe kabla ya wakati, azaliwe mdogo au afe. Tiba yake ni sindano ya penisilini, ambayo ni ya bei nafuu. Mwenza asipotibiwa, utaambukizwa tena, na kazi yote inaanza upya.

Ukitoka kituoni ukiwa na tarehe ya kujifungua iliyoandikwa, majibu ya vipimo kwenye kadi na tarehe ya kurudi, hudhurio hilo limefanya kazi yake. Ukitoka na muhuri mtupu, rudi dirishani.

## Hatua ya 3: Panga mahudhurio manane, na uzibe pengo la wiki ya 13 hadi 16

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza mahudhurio angalau manane: kabla ya wiki 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Mahudhurio yanasogeleana mwishoni kwa sababu ndipo mtoto anapoongezeka kwa kasi. Wiki ya 28 mtoto huwa na takriban kilo moja. Takriban nusu ya uzito atakaozaliwa nao huujenga baada ya wiki ya 30. Tatizo linalogunduliwa wiki ya 30 bado lina muda wa kushughulikiwa, lakini likigunduliwa wiki ya 39 halina.

Kuna mtego mmoja katika ratiba hiyo. Mama aliyefanya vizuri akafika wiki ya 10 bado hajafikia muda wa kumeza SP, kwa kuwa dawa hiyo haitolewi kabla ya wiki ya 13. Akipangiwa kurudi wiki ya 20, anakuwa amekaa karibu miezi miwili bila kinga katika kipindi ambacho kondo la nyuma linajijenga. Kwa hiyo mwambie mhudumu: “Nesi, naomba unipangie tarehe ya SP kati ya wiki ya 13 na 16, kabla ya ile ya wiki ya 20.” Hudhurio hilo ni fupi, na wanaowahi kliniki ndio wanaolihitaji kuliko wote.

## Hatua ya 4: Kinga ya malaria, yaani SP na chandarua

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Vimelea vya malaria hujificha ndani ya kondo la nyuma. Mama anaweza asisikie homa hata kidogo, na kipimo cha kidole kikaonyesha hana malaria, ilhali kondo lake limejaa vimelea vinavyozuia chakula kupita kwenda kwa mtoto. Mimba ya kwanza huathirika zaidi. Kwa sababu hiyo, SP humezwa kwa ajili ya kinga hata kama huumwi.

Dozi moja ni vidonge vitatu vinavyomezwa kwa pamoja, mbele ya mhudumu. Huanza wiki ya 13, na kati ya dozi moja na nyingine upite angalau mwezi mmoja. Lengo ni dozi tatu au zaidi hadi kujifungua. Kwa mama wa mfano wetu, dozi ya kwanza inaweza kuwa tarehe 9 Juni, ya pili wiki ya 20 (28 Julai), ya tatu wiki ya 26 (8 Septemba), ya nne wiki ya 30 (6 Oktoba) na ya tano wiki ya 34 (3 Novemba). Wiki ya 36 anaruka, kwa kuwa mwezi haujatimia, kisha anaweza kumeza tena wiki ya 38.

Visingizio viwili husikika sana. Cha kwanza ni “sijala.” SP inaweza kumezwa ukiwa umekula au hujala, na ndiyo maana chupa ya maji imo kwenye orodha ya vitu vya kubeba. Dawa inayopelekwa nyumbani “nikimeza baada ya kula” mara nyingi huishia kwenye mkoba. Cha pili ni “SP haitibu tena malaria, ya nini?” Ni kweli kwamba haitumiki tena kutibu malaria. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Kenya, Malawi na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023 uliilinganisha na dawa nyingine iliyoua vimelea vizuri zaidi, na bado dawa hiyo mpya haikuwapa watoto uzito bora kuliko SP. SP inaonekana kumsaidia mtoto kukua kwa namna inayozidi kuzuia malaria peke yake.

Maonyo manne, na yote ni ya lazima:

- Usimeze SP kama unatumia Septrin kila siku kwa sababu ya VVU. Septrin inafanya kazi hiyo tayari, na dawa hizo mbili zikichanganywa zinaweza kukudhuru.
- Usimeze kama uliwahi kupata mzio wa dawa za salfa, kama vile kubabuka ngozi au vidonda mdomoni.
- Asidi ya foliki ya kliniki ni miligramu 0.4. Maduka ya dawa huuza pia kidonge cha miligramu 5, na kipimo hicho kikubwa hupunguza nguvu ya SP. Soma pakiti kabla ya kununua.
- Ukipata homa, SP si tiba. Nenda ukapimwe, na ukikutwa na malaria utapewa dawa mseto.

Chandarua kitumike kila usiku, pamoja na usiku wa joto na msimu wa kiangazi. Kining’inize mahali unapolala kwa kweli, na kama ni sakafuni basi iwe hapo hapo sakafuni.

## Hatua ya 5: Linda wingi wa damu

Damu ya mama ndiyo inayobeba hewa hadi kwa mtoto. Kwa mjamzito, wingi wa damu chini ya 11 (gramu kwa desilita) huhesabiwa kuwa upungufu, na chini ya 7 ni upungufu mkali unaohitaji matibabu ya haraka hospitalini.

Meza kidonge kimoja cha FEFO kila siku tangu hudhurio la kwanza. Kama kinakuletea kichefuchefu, kimeze usiku kabla ya kulala au pamoja na chakula kidogo. Kinyesi kikiwa cheusi usiogope, ni madini chuma yanayobaki. Chai na kahawa huzuia madini hayo kuingia mwilini, kwa hiyo vinywaji hivyo visikaribiane na kidonge wala mlo. Chungwa, ndimu, embe au pera husaidia yaingie. Ukipewa pia vidonge vya kalsiamu, vimeze saa tofauti na FEFO.

Dawa ya minyoo hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, kwa kuwa baadhi ya minyoo hunyonya damu. Hili halina maelezo mengi: iulizie, imeze, iandikwe.

Udongo wa kutafuna, ule unaouzwa sokoni kwa mafungu, ni jambo ambalo wanawake wengi hawalitaji kliniki kwa kuona haya. Hamu yake mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na wenyewe huweza kuzuia madini chuma na kuleta minyoo au sumu ya risasi. Mwambie mhudumu. Hamu hiyo ni sababu ya kupima damu upya.

Damu yako inatakiwa kupimwa tena mimba inapoelekea miezi ya mwisho. Kipimo cha pili kikiwa 11 au zaidi, au kikiwa kimepanda kutoka pale kilipokuwa, unakwenda vizuri. Kikiwa kimeshuka ingawa unameza vidonge, isiishie kwenye kuongezewa pakiti nyingine; itafutwe sababu.

## Hatua ya 6: Kula, pumzika, na fuatilia mizani yako

Bado ipo imani kwamba mama ale kidogo ili mtoto asiwe mkubwa na kusababisha upasuaji. Ushauri huo ni wa hatari. Kujinyima chakula hakupanui nyonga; kunampunguza mtoto, na mtoto mdogo huchoka haraka wakati wa uchungu. Ni vivyo hivyo kwa imani kwamba mayai humfanya mtoto azaliwe bila nywele. Yai ni miongoni mwa vyakula bora na rahisi kupata katika nyumba nyingi.

Kuanzia mwezi wa nne ongeza mlo mmoja mdogo kila siku juu ya milo yako ya kawaida. Unaweza kuwa bakuli la uji wa ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa, au ugali mdogo na dagaa na matembele, au wali na maharage na kipande cha parachichi. Dagaa wanaoliwa wazima na miiba yao hutoa kalsiamu. Tumia chumvi yenye madini joto. Ukila ugali na mboga tupu siku zote, kuongeza ugali zaidi hakutoshi. Kinachokosekana ni maharage, samaki, yai, nyama au maziwa.

Lishe hii ina ushahidi wa hapa nyumbani. Katika utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2007, wanawake zaidi ya 8,000 wasio na VVU walifuatiliwa. Wote walipata vidonge vya kuongeza damu, na nusu yao wakaongezewa vitamini mbalimbali. Watoto wenye uzito pungufu walikuwa asilimia 9.4 kwa waliokosa vitamini hizo na asilimia 7.8 kwa waliozipata. Kama kituo chako kina vidonge vya virutubishi mchanganyiko vya wajawazito, uliza iwapo vinakufaa badala ya FEFO. Visimezwe kwa pamoja bila ushauri.

Mwanamke mwenye uzito wa wastani kabla ya mimba anatarajiwa kuongezeka kati ya kilo 11.5 na 16 kwa mimba nzima, na kuanzia mwezi wa nne kati ya gramu 350 na 500 kwa wiki. Aliyekuwa mwembamba anahitaji zaidi, na aliyekuwa mnene anahitaji kidogo. Mahudhurio mawili mfululizo bila uzito kupanda ni jambo la kuuliza. Upande wa pili, uzito ukiruka ghafla kwa kilo kadhaa ndani ya wiki moja huku uso ukivimba, huo si unene. Ni dalili ya presha ya mimba.

Kazi nzito zipunguzwe. Kubeba ndoo kichwani kutoka kisimani, kulima kutwa nzima au kusimama sokoni tangu alfajiri huambatana na uzito mdogo wa mtoto na kujifungua mapema. Ushauri huu hauna maana kama anaambiwa mama peke yake, kwa sababu si yeye anayegawa kazi za nyumba. Ndiyo maana yule mtu mmoja wa nyumbani yumo kwenye orodha ya mwanzo.

Sigara, ugoro, kuberi, pombe na mirungi viachwe kabisa. Moshi wa kuni na mkaa nao hupunguza uzito wa mtoto. Kama huwezi kubadili nishati, pikia nje au penye dirisha wazi, na usikae jikoni kusubiri maharage yaive.

## Hatua ya 7: Presha na mkojo, kila hudhurio

Presha ya mimba husinyaza mishipa inayolisha kondo, na mara nyingi haina dalili mwanzoni. Kipimo cha 140/90 au zaidi hakipuuzwi. Kikifika hapo, mkojo upimwe protini siku hiyo hiyo, na upewe rufaa ikihitajika.

Kama uliwahi kupata kifafa cha mimba au presha ya mimba, una kisukari, ugonjwa wa figo au presha ya siku zote, au una mimba ya mapacha, liseme mapema. Daktari anaweza kukuandikia aspirini ya kiwango kidogo kila siku, ambayo inafaa ianzwe kabla ya wiki ya 20. Usijinunulie mwenyewe. Kalsiamu pia husaidia panapokuwa na upungufu wake katika chakula. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na India na kuchapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa miligramu 500 kwa siku zilikaribia kabisa miligramu 1,500 katika kuzuia presha ya mimba yenye protini, nayo ni habari njema kwa anayechoshwa na vidonge vingi.

Maambukizi ya njia ya mkojo huchochea uchungu wa mapema, hata yasipouma. Ukipewa dawa, maliza dozi yote.

## Hatua ya 8: Futi kamba ya sentimita

Hiki ndicho kipimo kinachosahaulika kuliko vyote, ingawa kifaa chake ni kile kile cha fundi cherehani.

Unakojoa kwanza, kwa kuwa kibofu kilichojaa hulisukuma tumbo juu. Unalala chali, miguu imekunjwa kidogo. Mhudumu anatafuta kwa kiganja kilele cha mfuko wa uzazi, anashika ncha ya futi kamba hapo, anaishusha kufuata mstari wa katikati hadi juu ya mfupa wa kinena, huku upande wenye namba ukitazama chini ili asivutwe na namba anayoitarajia. Kisha anaigeuza na kusoma.

Kuanzia wiki ya 20 hadi takriban ya 36, sentimita hukaribiana na wiki za mimba. Wiki ya 28 tarajia takriban sentimita 28. Ikipungua kwa zaidi ya 2, au isipopanda ipasavyo, sababu itafutwe.

Tazama mwenendo kuliko namba moja. Kadi yenye sentimita 26 katika wiki ya 26, 29 katika wiki ya 30, na 30 katika wiki ya 34 inasema jambo zito: ndani ya wiki nne za mwisho tumbo limepanda sentimita moja tu. Huenda tarehe zilikosewa, huenda mtoto amelala mshazari, huenda maji ni machache, huenda amedumaa. Ultrasaundi itaamua. Mama huyo asiambiwe “una tumbo dogo la asili” akarudishwa nyumbani.

Kama kipimo hiki kimerukwa, omba bila kuona haya: “Nesi, naomba unipime kimo cha mimba kwa futi kamba, uniandikie na sentimita.” Mafanikio ya hatua hii ni safu yenye namba zinazopanda, kila hudhurio.

Mtoto anayecheza vizuri ni habari njema nyingine. Kufikia wiki ya 28 utakuwa unazijua nyakati zake. Akipunguza kucheza kuliko ulivyomzoea, nenda kituoni siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.

## Hatua ya 9: Zuia uchungu wa mapema usikukute njiani

Nenda kituoni mara moja, usiku au mchana, ukiona lolote kati ya haya:

- Damu ukeni, au maji yanayotoka kabla ya wakati.
- Tumbo linalokaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki 37.
- Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, au maumivu makali juu ya kitovu.
- Homa, au maumivu wakati wa kukojoa.
- Degedege.

Kuwahi kuna faida mahususi. Uchungu ukianza kabla ya wiki ya 34, hospitali yenye uwezo inaweza kukupa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na kukuhamishia kunakohudumiwa njiti. Sindano hizo zinahitaji muda kufanya kazi, kwa hiyo saa chache za kusubiri nyumbani zinaweza kumnyima mtoto nafasi hiyo.

## Hatua ya 10: Mizani, na kinachofuata

Mtoto apimwe uzito katika saa za mwanzo za maisha yake, akiwa hana nguo, mizani ikisoma sifuri kabla hajawekwa. Uzito uandikwe kwa gramu kamili. Ukiangalia madaftari ya kujifungulia utaona 2.5 na 3.0 nyingi kupita kiasi, kwa sababu namba huviringishwa. Mtoto wa gramu 2,440 aliyeandikwa 2.5 hupoteza uangalizi aliostahili. Aliyezaliwa nyumbani au njiani apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

Ikiwa yuko chini ya 2,500, mwekeni kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amevaa kofia, soksi na nepi tu, kisha mfungwe wote kwa kanga. Hii ndiyo huduma ya kangaruu. Utafiti uliohusisha Tanzania na nchi nyingine nne, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wadogo sana kwa takriban robo, na Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza ianze mapema hivyo. Mama akichoka, baba au bibi anaweza kupokezana naye.

Asiogeshwe kabla ya saa 24. Anyonye ndani ya saa ya kwanza, kisha kila baada ya saa mbili au tatu, usiku ukiwamo. Asiyeweza kunyonya akamuliwe maziwa ya mama na kunyweshwa kwa kikombe kidogo. Asipewe maji ya sukari, gripu wala maziwa ya ng’ombe.

Katika siku za mwanzo uzito hushuka kidogo, na kushuka hadi asilimia 10 ni kawaida. Anatakiwa awe amerudia uzito wa kuzaliwa takriban wiki ya pili, ingawa njiti huweza kuchelewa zaidi. Kabla ya kuruhusiwa, pata tarehe ya kupimwa tena ndani ya wiki ya kwanza, iandikwe kwenye kadi ya mtoto. Mrudishe kabla ya tarehe hiyo akishindwa kunyonya, akiwa wa baridi au wa moto, akipumua kwa kasi, akilegea, au akigeuka rangi ya manjano hadi kwenye viganja na nyayo.